Mkeka Nilioutilia Jina Langu

Haya nayasema kwa kinywa changu mwenyewe, maana hapa kijijini Ole, Pemba, kila mtu anayajua, ila wenzangu huyasema nikishawapa mgongo.

Alikuja ofisa kutoka Chake, mtu mpole, akatwambia serikali inataka kujua sanaa na utamaduni vinachangia nini katika uchumi wa nchi, kwa hivyo kila fundi aandikwe, na atakayechaguliwa atapelekwa Unguja kwenye maonesho. Kwa kuwa nimefika kidato cha nne (na sikumwacha mtu akalisahau hilo), fomu ya nyumbani kwetu nikaijaza mimi. Mke wangu, Bi Time, alikuwa barazani anasuka ukili, ule utepe wa ukindu unaoshonwa kuwa mkeka, kazi aliyoianza tangu usichana wake. Penye jina la fundi nikaandika langu. Nilijiambia, si mimi ninayeipeleka mikeka sokoni? Si nyumba ni moja?

Nikachaguliwa. Siku ya mkutano uwanja wa skuli ulijaa, mkeka wa Bi Time umetandazwa mbele, na mgeni rasmi akasema mikono iliyousuka inaijenga nchi, kisha akaniita nikae kitako nisuke kidogo watu waone.

Ningekiri pale pale yangekwisha. Nikaupokea ukindu, nikakunja, nikapindisha, jasho linanitiririka, mpaka jirani yetu Bi Mize akapaza sauti kutoka upande wa wanawake: "Mzee Faki, huo ni ukili au utambi wa koroboi?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mgeni hakucheka. "Mzee, mkeka huu kausuka nani hasa?"

"Mke wangu."

"Yuko wapi?"

Alikuwa keshainuka, anakwenda zake nyumbani, wala hakugeuka.

Jina langu likafutwa, na kutoka kwetu hakwenda mtu Unguja. Nilipomwomba radhi alinijibu, "Nimeshakusamehe, Baba Khamis. Lakini miaka yote hii ulikuwa ukiniona ninafanya nini?"

Hakuushika tena ukili, na mwaka jana akatangulia mbele ya haki.

Ule alioubakisha barazani ninao, nimeukunja juu ya kabati. Baada ya alasiri huushusha nikajaribu kuuendeleza, vidole vikagoma, nikaurudisha. Kalamu sitaishika tena juu ya kazi ya mtu kabla sijamuuliza mwenyewe. Na nyinyi mkiwahadithia wengine mkasa huu, jina langu liacheni, tajeni la fundi: Time binti Makame.