Sauti ya Leland

Usiku kucha nilikaa karibu na simu, lakini fundi niliyemwachia gari hakupiga. Redio ya gari letu la zamani ilikuwa imekufa na kanda ya kaseti ndani, kanda pekee yenye sauti ya marehemu mume wangu, Leland. Asubuhi nikaenda karakanani kwake, hapa mjini Saginaw. Nilimkuta ameweka sikio kwenye spika ya mlango wa gari, akigusisha nyaya zake na betri ndogo, akisubiri mlio mfupi wa kuonyesha kuwa inafanya kazi. Kila mara alijifuta vidole kwenye suruali, hata vikiwa safi.

“Spika ni nzima. Ugonjwa uko kwenye redio.”

“Jana ulisema ni waya.”

“Jana nilikuwa sijaipima spika, mama. Ulitaka nikudanganye mara ya pili?”

Akaing'oa redio, akaingia nayo ofisini, akafunga mlango. Nilikuwa na hakika anaichokonoa kanda yangu kwa koleo. Ndipo nikamsikia Leland kwenye kanda, akiniita: “Wanda, njoo useme na wewe, acha aibu!” Nikagonga mlango kwa ngumi, nikitaka kuingia.

“Usigonge!” fundi alinong'ona kwa ukali. “Nairekodi kwa maikrofoni kwenye kanda nyingine, hii imechoka. Kelele zako zitaingia.”

Nikashusha mkono. Mlango ukabaki umefungwa, nami nikasimama pale, nikijizuia hata kukohoa.