Beji za Shaba

Mume wangu alikuwa Msukuma wa Kisesa, mimi mtoto wa mjini Mwanza, na tangu siku aliyoniposa nilimtania kwa ulimi wake. Nikiuliza sukari iko wapi, ananijibu, "Sukali imekwisha, mke wangu." Tunacheka wote.

Kazi yake ilikuwa kuyeyusha shaba. Kufika mwaka ule wa Uhuru, kifua kilikuwa kimeshamchosha kwa moshi alioumeza ujana wake wote. Kamati ya sherehe ilipotafuta fundi wa kutengeneza beji, aliikimbilia kazi ile kana kwamba ni mzima.

"Hii ndiyo ya mwisho," aliniambia. "Nataka niwaone watu wamenivaa kifuani kabla sijafa."

Nilimfokea aache maneno ya uchuro, lakini nilijua hatanii.

Beji ya kwanza aliichonga kwa nta, na neno la uhuru akaliandika mwenyewe, kwa herufi alizojifunza ukubwani kwenye ngumbaru. Akaigeuza shaba, akaiita mama. Kwa huyo mama akatengeneza kalibu, na humo akawa anamimina nta ya nyuki, anatoa mtoto, anamfunika kwa udongo wa ziwani uliokandwa na samadi, anampeleka motoni. Nta inayeyuka, inatoka, ndiyo imepotea. Shaba inaingia palepale ilipokuwa. Kila beji ilitaka nta yake na kikohozi chake. Mimi nilikanda udongo, nikavukuta moto, nikazisugua kwa ndimu na mchanga hadi zikang'aa. Kusoma sikujua. Niliziona nzuri, wallahi.

Siku moja kabla ya sherehe, mwalimu mmoja wa kamati akaja kuzichukua. Akashika moja, akashika nyingine, akaangua kicheko.

"Mzee, umeandika UHULU! Zote!"

Mume wangu hakuelewa. Akaisoma kwa sauti, kidole kikifuata herufi. "Uhulu. Si ndivyo?"

Yule bwana alicheka hadi akashika mbavu. Kisha akasema haziwezi kuvaliwa mbele ya wageni wakubwa, ni aibu. Akaondoka mikono mitupu, nami nikamtukana mpaka alipopotea kwenye kona. Kosa la mama lilikuwa limewaingia watoto wote, na muda wa kuanza upya haukuwepo.

Asubuhi ya sherehe mume wangu hakuweza kuinuka. Nilikaa naye kitandani, kapu la beji likiwa mlangoni. Watu wakaanza kupita barabarani kwetu, Wasukuma wa Usagara, wa Kisesa kwao, na ngoma na vigelegele, wakipaza sauti kwa pamoja. Akainua kichwa, akanikamata mkono kwa nguvu nisizojua kama bado anazo.

"Hebu sikiliza. Wanasemaje?"

Nilisikia vizuri sana. Barabara nzima: Uhulu! Uhulu!

"Sasa zangu wamezikatalia nini?" aliniuliza, machozi yakimtoka.

Nikalia naye.