Uso Uliotakata

Kwetu uso wa msichana haukuwa mali yake. Ulikuwa wa shangazi zake, wa majirani na wa wanawake wa kisimani, na kila mmoja aliusoma anavyotaka bila kumwuliza mwenyewe. Mimi nililijua hilo nikiwa darasa la saba, wakati bado tunazoea kuishi kwenye kijiji cha ujamaa. Zamani nyumba yetu ilikuwa peke yake katikati ya shamba la uwele, na jirani tulimjua kwa moshi wake. Baada ya kuhamishwa tulipangwa mistari kando ya barabara ya Ikungi, mlango ukitazama mlango. Tuliambiwa tutakuwa karibu na shule, maji na zahanati. Shule tuliipata, nisiseme uongo. Tulipata na macho ya watu.

Chunusi zilianzia kwenye paji la uso, zikashuka mashavuni mpaka kidevuni. Ziliuma, zilitunga usaha, na nilipozikamua ziliacha madoa meusi. Nilizikamua hata hivyo, kwa kucha, nikijitazama kwenye kipande cha kioo ambacho baba alikitumia kunyolea ndevu. Wavulana darasani walisema nimemwagiwa uwele usoni. Niliumia, lakini wavulana wana maneno ya siku mbili. Waliokuja kunimaliza walikuwa watu wazima.

Kila mtu alikuwa na dawa yake. Jirani wa kulia alisema nipake mkojo wangu wa asubuhi, ule wa kwanza. Jirani wa kushoto alisema nisugue kwa chumvi na majivu. Chumvi ilinichubua mpaka nikashindwa kwenda shule kwa aibu. Mkojo nao niliujaribu, na sina hamu ya kuuzungumzia. Hakuna aliyekuwa na uhakika na dawa yake, ila kila mmoja alinikasirikia nilipokwenda kujaribu ya mwenzake.

Kisha baada ya mavuno akaja shangazi, dada mkubwa wa baba, aliyekuwa ameolewa upande wa Itigi. Alikuwa mwanamke wa kuogopwa. Baba mwenyewe alipoongea naye alipunguza sauti. Alikuja na kibuyu cha asali kama kawaida yake, akaketi, akanitazama wakati namwekea maji ya kunawa.

"Huyu ameiva," akamwambia baba, kana kwamba mimi nilikuwa hindi shambani. "Hizi si ugonjwa. Ni damu ya ujana inatafuta mume. Akiolewa zitaisha zenyewe."

Baba akacheka. "Mwache amalize darasa la saba, dada."

Alicheka, lakini hakucheka kwa muda mrefu, na mama yangu aliliona hilo. Mama hakusoma hata siku moja. Lakini mwalimu wangu wa darasa alikuwa amemwambia kwamba nikiendelea vile naweza kuchaguliwa kwenda sekondari, na tangu siku ile mama aliishi kwa neno hilo. Katika kijiji chetu hapakuwa na msichana aliyewahi kwenda. Akajua kwamba neno la "ameiva" likitoka nje ya mlango wetu, wenye ng'ombe watafika kabla ya mtihani. Basi akaamua kuzimaliza zile chunusi yeye mwenyewe.

Kitu cha kwanza alininyima samli. Kwa watu wa kwetu hilo lilikuwa jambo la ajabu. Samli tulikula na ugali, tulipaka nywele, tulipaka mwili, na mtoto aliyekwenda shule bila kung'aa mafuta alionekana hana mama. Lakini mama alikuwa ameona kwamba chunusi zimejaa zaidi pale ninapopaka zaidi. Akasema niache kuipaka na niache kuila, nione. Kila jioni alichemsha majani ya mwarobaini, akayaacha yapoe, nikanawa uso kwa maji yale, bila sabuni, kwa sababu sabuni yetu ilikuwa ile ya mche ya kufulia. Nilijifuta kwa kitambaa ambacho hakuna mwingine aliyeruhusiwa kukigusa. Halafu alinipaka ile asali ya shangazi, kidogo tu, nikakaa nayo jikoni mpaka maji ya ugali yachemke, ndipo nikaisuuza. Na nilipopeleka kucha usoni alinipiga kofi mkononi.

"Huo mkono wako ndio ugonjwa," alisema.

Zilipungua polepole. Kwanza maumivu yaliacha, kisha vichwa vikakauka, kisha hata madoa yakaanza kufifia. Asubuhi moja mama alinitazama nikifunga madaftari yangu akatabasamu peke yake. Sikumbuki kama nimewahi kumwona mama yangu ana furaha kama asubuhi ile, na mpaka leo nikimkumbuka hivyo nakasirika.

Mtihani ulikuwa umekaribia shangazi alipokuja tena, safari hii kwa msiba wa jamaa. Nikapiga goti. "Shikamoo, shangazi." Alinishika kidevu, akanigeuza kwenye mwanga wa mlango.

"Marahaba. Umetakata."

Nilidhani ananisifu, nikamshukuru. Chakula kilipoletwa, akamimina samli juu ya mlenda kwa mkono wake mwenyewe na kunisogezea bakuli. Nikalirudisha taratibu. "Mimi situmii samli sasa, shangazi." Akaweka tonge chini. Akaanza kunitazama shingoni, pale mshipa unapopiga, na hakula tena.

Wanawake wa kwetu walikuwa na elimu yao. Msichana akitakata uso ghafla, akachukia mafuta, na mshipa wa shingo ukimpiga, hiyo ni mimba, na hakuna wa kuwabishia. Shangazi alimwita mama nyuma ya nyumba, nami nikawasikia. Mama alieleza yote, mwarobaini, asali, samli, hata kwamba nilikuwa nimeona siku zangu mwezi uliopita.

"Wifi," shangazi akasema, "hakuna mama asiyemfichia bintiye."

Kesho yake kisimani wanawake walinitazama tumboni kabla ya kunisalimu.

Baba alikuwa balozi wa nyumba kumi. Kwenye mikutano yeye ndiye aliyekuwa akisimama kuwasema wazazi ambao mabinti zao wameharibikia shuleni. Jioni ile aliniita, akaniuliza, "Nani?" Nikasema hakuna. Akaniuliza tena, "Nakuuliza, nani?" Nikalia, na kulia kwangu kukahesabiwa kuwa ni jibu.

Mama akasema, "Basi tumpeleke zahanati wampime."

"Nikimpeleka zahanati, mwalimu mkuu atajua kabla sijarudi nyumbani," baba akasema. "Akijua, amemfukuza, na mimi nimekwisha."

Shangazi ndiye aliyekata shauri. Nitakwenda kukaa naye. Kama ipo itaonekana, kama haipo nitarudi. Mama akauliza, "Na mtihani?" Baba akajibu kwamba mitihani ipo kila mwaka. Aliijua vizuri habari ya kurudia darasa, alijua hakuruhusiwi, lakini alisema hivyo kwa sababu dada yake alikuwa amekaa pale. Shuleni akapeleka habari kwamba naumwa. Tukapanda lori mpaka Mkiwa, tukakaa kando ya barabara kungoja jingine la kwenda Itigi, na muda wote ule shangazi hakuniachia mkono.

Nyumbani kwake kila asubuhi alinisimamisha mlangoni, nikafungua kanga, akanibonyeza tumbo kwa kiganja. Kisha akanitazama shingo. Kisha akanipa samli, kwa sababu mwenye mimba lazima ale. Ikawa nakula kile ambacho mama alininyima, kwa ajili ya mtoto ambaye hakuwepo, na chunusi zikarudi, kubwa kuliko za mwanzo. Shangazi hakuuliza zimerudije. Alikuwa ameshausoma uso mara moja, hakuona haja ya kuurudia.

Siku zangu zilipofika nilimkimbilia kumwonyesha, nikifurahi kama mtu aliyeona mbuzi wake aliyepotea. Alitazama, akatikisa kichwa.

"Wengine huona damu na mimba ipo. Tusubiri. Lisemwalo lipo, kama halipo linakuja."

"Shangazi, mtihani ni wiki hii."

"Mtihani wako ni huu," akasema.

Siku yenyewe ya mtihani nilikuwa natwanga uwele kwenye uwanja wake. Jua lilipopanda nilijua sasa wenzangu wameshapewa karatasi za hesabu. Nilitwanga kwa nguvu mpaka shangazi akanikaripia kwamba namwagia kuku chakula cha watu. Nilimchukia. Nimesikia wanaosema mtu akizeeka husamehe. Nimezeeka, na yeye alikwisha kufa, na bado namchukia.

Nilikonda kwa kukosa usingizi na kwa samli ile iliyokuwa ikinikaba. Siku zangu zilipokuja mara nyingine, na tumbo likabaki limeshikana na mgongo, shangazi akasema, "Haipo." Alisema kama mtu aliyeangalia kuku tunduni akamkosa. Akaongeza, "Mungu amekusaidia." Sijawahi kuelewa Mungu alinisaidia nini.

Niliporudi nyumbani baba alinisalimu akatoka kwenda kwenye mkutano. Mama hakusubiri hata nipumzike. Alivaa kanga yake ya kwendea watu, akanishika mkono, tukaenda shuleni kuomba nirudie darasa. Mwalimu mkuu alikuwa mtu wa heshima, alimpa mama kiti. Mama akamweleza kila kitu kwa Kiswahili chake cha kukwama kwama, kilichochanganyika na Kinyaturu: chunusi, mwarobaini, asali, neno la wifi yake. Hata kunikaripia kwa kujikamua alimweleza.

Mwalimu alimwacha amalize. Kisha akasema kurudia darasa hakuruhusiwi.

"Na hata kungeruhusiwa, mama," akaendelea kwa upole, "kijiji kinajua. Aliondoka uso umenawiri. Amerudi amekonda, uso umeharibika. Watu wanasema mlimpeleka kuitoa. Nikimpokea, wazazi wengine watanijia juu."

Mama alimtazama mwalimu, kisha akanitazama mimi, mashavu yangu na kidevu changu, taratibu, na nikajua anaona kile wanachokiona wao. Akamshukuru mwalimu. Tukatoka.

Njia ya kurudi ilipita kisimani. Foleni ilikuwa ndefu, na wanawake walinyamaza walipotuona. Mama alisimama kabla hatujawafikia.

"Ningekuacha nazo," akasema. "Ungefanya mtihani na chunusi zako."

Aliyasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayejilaumu kwa kusahau kuanika mtama. Halafu akaenda nyumbani kuchukua ndoo, akarudi kupanga foleni nyuma ya wanawake wale wale.