Somo la Udongo Lililokataliwa Nakuru

Kuna watoto wanaolilia pipi, na kulikuwa na Wamuyu, aliyelilia majibu. Kwao Subukia, mama yake hakuwahi kumaliza kukamua ng'ombe bila kuulizwa kwa nini maziwa ya asubuhi ni mengi kuliko ya jioni, kwa nini ng'ombe mweusi hatoi maziwa meusi, na kwa nini kahawa hupandwa kwenye mteremko badala ya kule chini penye maji. Mama alijibu aliyoyajua. Asiyoyajua aliyajibu kwa kumtuma kuni. Kuuliza si ujinga, watu husema, ila hawaongezi kwamba kunachosha wengine.

Basi alikua hivyo hivyo, hakubadilika. Maisha yalimpeleka Kamere, kando ya Ziwa Naivasha, akaajiriwa kwenye shamba la maua kufungua na kufunga maji ya waridi. Wenzake walifungua, wakafunga, wakaenda kunywa chai. Yeye alitaka kujua maji yakishaingia ardhini huenda wapi. Msimamizi alimwambia yanaenda kwa mizizi, yaende wapi tena, kanisani? Jibu hilo halikumtosha. Akajiandikisha diploma ya kilimo katika chuo kimoja cha ufundi mjini Naivasha, masomo ya Jumamosi, pamoja na vibarua wa maua na vijana wachache wa Olkaria waliochoshwa na mitambo ya mvuke.

Huko ndiko alikokutana na Dakta Lewis Kihara. Kila Jumamosi mwalimu huyu alitoka Nakuru na kiondo begani, ungedhani anakwenda sokoni. Ndani mlikuwa na chupa mbili za soda zilizokatwa matako na kutobolewa vifuniko. Moja aliijaza udongo mwekundu wa Subukia, nyingine mchanga mwepesi wa Kamere, kisha akamimina maji kote na kuuliza ni ipi itakayodondosha kwanza. "Udongo wa Kamere ni kama mume mlevi," alisema. "Mpe mshahara jioni, asubuhi hana kitu. Dawa yake ni kumpa kidogo kidogo." Darasa lilicheka. Wamuyu alicheka kuliko wote, kwa sababu hapo ndipo alipoelewa mbona shamba lao lilitandaza mipira ya kudondosha maji badala ya kuchimba mifereji.

Siku moja chupa ya Kamere ilipasuka shingoni. Wamuyu ndiye aliyeifunga kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, akaikaza kwa fundo ambalo mama yake hufungia mzigo wa nyasi za ng'ombe. Fundo hilo likishakazwa halifunguki, hukatwa.

Alipofaulu diploma, meneja wa shamba alimwita. Kulikuwa na nafasi ya msimamizi wa maji, lakini ilitaka digrii, na angeweza kumshikia kwa muda. Nafasi hiyo ilikuja na nyumba. Hapo ndipo Wamuyu alipotega sikio, maana kwenye chumba alicholala na wenzake Kamere hapakuwa na mahali pa mtoto, na binti yake Sue alikuwa akilelewa na bibi yake Subukia. Sue alikuwa ameanza kumwita bibi mama, na mama yake mzazi akimwita Wamuyu, kama wafanyavyo majirani. Wamuyu alicheka mara ya kwanza alipoitwa hivyo. Mara ya pili hakucheka.

Akaingia chuo kikuu kimoja pale Nakuru. Kanuni za chuo hicho zilimruhusu kuhamisha krediti za diploma, aingie mwaka wa tatu moja kwa moja, huku idara ikiyapima masomo yake ya Naivasha moja baada ya jingine. Na hapa ndipo alipofanya kosa ambalo wanafunzi wetu wote hulifanya. Katika vyuo vyetu mwanafunzi huiogopa ofisi kuliko mtihani. Akiwa na jambo hampelekei mkuu wa idara, humpelekea kiongozi wa darasa, kisha huketi kusubiri jibu kwenye simu. Kiongozi wao alikuwa kijana mmoja mchangamfu aitwaye Bravin, mwenye jibu moja kwa kila swali.

"Relax, mathe," Bravin alimwambia. "Hiyo story ya credit transfer iko sorted."

Wamuyu, mwanamke aliyemhoji ng'ombe mweusi, akaridhika. Alikuwa amewazidi wenzake darasani umri, alionea haya kuonekana msumbufu, akanyamaza. Natamani angeuliza, maana angejiokoa na mengi. Lakini mdomo ukizoea kuuliza kila kitu, nao huchoka siku usiyotaka uchoke.

Muhula wa mwisho ulipoanza, alipita idarani kuhakikisha kwamba atahitimu. Karani, mama mmoja aitwaye Akeyo, alitazama kompyuta yake.

"Unit moja ilikataa," akasema. "Udongo na Maji. Ilikataliwa kitambo."

"Kitambo? Mbona sikuambiwa?"

"Class rep wenu hakuwaambia?"

Wamuyu alitoa daftari. Akauliza somo hilo linafundishwa lini. Lilikuwa likifundishwa muhula huo huo, lakini saa zile zile za somo jingine ambalo bila hilo pia hahitimu. Angengoja mwaka mzima, na meneja wa Kamere hangemngoja.

"Na lilikataliwa kwa nini?"

"Halijafika kiwango."

"Kiwango gani? Ni nini ilikosekana?"

Akeyo ndipo akainua macho. "Dada, nimekaa kwa hii kiti miaka mingi. Watu huniuliza watarudia lini. Hakuna mtu ameniuliza ni nini ilikosekana."

"Sasa mimi nauliza."

Akeyo alimtazama kidogo, akasogeza kiti karibu. Alimweleza kwamba kuambiwa sababu ni haki yake, na kukata rufaa pia, mbele ya mwenyekiti wa idara na mtaalamu wa somo, ambaye ndiye hupima masomo yanayohamishwa. "Lakini watu hurudia tu," akaongeza. "Wanaona ni afadhali kurudia kuliko kugombana na walimu."

Wamuyu alitoka akaketi kwenye ngazi za nje, akalia kidogo, akapangusa uso. Kisha ule ugonjwa wake wa zamani ukamrudia. Kama kuna kitu hakufundishwa Naivasha, ni kitu gani hicho? Kilikuwa karibu, kinafundishwa kwenye jengo lile pale. Asubuhi iliyofuata alilikwepa somo lake mwenyewe, akaenda kukaa nyuma kabisa katika darasa la mwaka wa pili, kalamu mkononi, ashuhudie hicho kilichopungua.

Mlango ulifunguka, akaingia Dakta Kihara na kiondo chake. Kumbe alifundisha mwaka wa pili, ule ambao Wamuyu aliuruka.

Zikatoka chupa mbili. Udongo mwekundu huku, mchanga mwepesi huku. Ile ya Kamere ilikuwa imefungwa shingoni kwa tyubu ya baiskeli, kwa fundo la nyasi za ng'ombe. Wamuyu alilitambua fundo lake kabla hajaamini macho yake. Waswahili husema mchele mmoja, mapishi mbalimbali. Hapa mapishi yalikuwa mamoja na mpishi alikuwa mmoja, sahani tu ndiyo iliyokuwa nyingine. Hata mume mlevi alikuja, na mshahara wake, na darasa likacheka pale pale walipocheka wa Naivasha. Wamuyu alijikuta ametabasamu, hasira yote imemtoka kwa mshangao. Akaandika kila neno hadi mwisho, na hakupata hata moja jipya.

Vijana walipotoka, alishuka mbele.

"Wamuyu," Kihara alisema, naye alionekana kufurahi. "Unafanya nini kwa class ya second year?"

"Nimekuja kutafuta kitu, mwalimu. Nimeambiwa kuna kitu sikufundishwa Naivasha kwa hii unit. Nimekaa mpaka mwisho, sijakiona."

Kihara alicheka, kisha akautazama mlango. "Mambo ya Naivasha tuongee polepole. Hapa hawajui mimi huenda huko. Contract yangu hairuhusu."

"Sitasema. Lakini niambie, hapa specialist wa udongo ni nani mwingine?"

"Hakuna mwingine. Ni mimi tu."

"Basi ni wewe ulinikataa."

Kihara aliishika ile chupa yenye tyubu, akaigeuzageuza kana kwamba ameiona leo. "Huwa naletewa course outline nyingi, hizo karatasi za mpango wa somo," alisema. "Kutoka kila mahali. Hazina jina la mwalimu. Naangalia imetoka chuo gani..."

"Na hii yetu hukuitambua? Si uliiandika wewe mwenyewe?"

Kihara aliirudisha chupa mezani. "Sikuisoma," alisema.

Nyani haoni kundule, lakini huyu alimpita nyani. Aliliona, akalitia sahihi kwamba ni la nyani mwingine. Wamuyu alitaka kumkasirikia, akashindwa, kwa sababu ndiye mwalimu bora aliyepata kuwa naye, na sasa alisimama pale amenywea kama mtoto aliyevunja kikombe. Kihara akamshauri akate rufaa. Yeye angesema ameisoma upya na kuona inafaa, na mambo yangeishia hapo bila mtu kutajwa. Wamuyu hakuupenda mpango huo, ila hakuwa na mwingine.

Siku ya rufaa waliketi kwenye chumba cha idara. Mwenyekiti alikuwa Profesa Chepkosgei, mama mpole wa sauti, ambaye wanafunzi walimwogopa kwa upole huo huo. Akeyo aliandika. Kihara aliketi pembeni, kiondo miguuni, akasema aliyopanga kusema.

"Daktari," Profesa alimwuliza, "karatasi ni ile ile uliyoikataa. Kumebadilika nini?"

Kihara akababaika. Profesa akamgeukia Wamuyu. "Hebu nisaidie. Somo kama hili tunaweza kulikubali ikiwa aliyelifundisha ana sifa za kufundisha hapa. Ni nani alikufundisha?"

Jina moja tu, na nyumba ya Kamere ingekuwa yake, na Sue angelala chini ya paa moja na mama yake. Jina hilo hilo, na wale vibarua wa maua wangefika darasani Jumamosi wasikute mwalimu, na mwalimu mwenyewe huenda asiwe na kazi ya Nakuru. Wamuyu alikuwa amemwahidi. Alichukia kwamba alikuwa amemwahidi.

"Profesa," alisema, "naomba niulizwe somo. Niulizwe lolote. Nisiulizwe mwalimu."

"Nakuelewa, mama. Lakini kanuni inataka mwalimu. Bila jina sina la kufanya."

Wamuyu aliinamisha kichwa. Machozi yalikuwa karibu na hakutaka yaonekane. Akakusanya vitu vyake ainuke.

"Keti," Kihara alisema. Alikiweka kiondo mezani, akazitoa chupa. "Ni mimi. Nilimfundisha Naivasha, kwa hizi chupa, na hii aliifunga yeye. Halafu nikaja hapa nikaandika kwamba alichofundishwa hakijafika kiwango. Profesa, kati ya hizo sehemu mbili kuna moja nilidanganya. Si Naivasha."

Akeyo alisahau kuandika.

"Uliisoma ile karatasi?" Profesa aliuliza.

"Hapana."

Krediti ya Wamuyu ilikubaliwa siku hiyo. Profesa aliamuru pia kwamba masomo yote ambayo Kihara aliyakataa yasomwe upya, safari hii kwa macho. Kihara alipewa onyo, akaambiwa achague Nakuru au Naivasha. Ana watoto wa kusomesha, akachagua Nakuru, na hakuna wa kumlaumu. Walipoachana uani alimkabidhi Wamuyu kile kiondo.

"Jumamosi kuna watu wanangoja," alisema.

Wamuyu alihitimu. Nyumba ya Kamere ina vyumba viwili na ua wenye vumbi, ambako Sue hutoboa vifuniko vya chupa na kumwuliza mama yake, sasa akimwita mama, kwa nini sabuni hutoa povu jeupe hata ikiwa ya buluu. Siku za wiki Wamuyu husimamia maji ya waridi. Jumamosi huenda chuoni Naivasha na kiondo begani, akamimina maji, akamtania mume mlevi.

Juzi, msichana mmoja wa shamba la jirani, Jepkorir, aliinua mkono.

"Mwalimu, nikienda Nakuru na hii kozi, watanikubalia?"

Chupa ya Kamere ilikuwa imeshaanza kudondosha. Wamuyu aliitazama kwanza.

"Hilo siwezi kukuahidi," alisema. "Lakini wakikataa, usiulize utarudia lini. Uliza ni nani aliyeisoma."