Pete za titanium kwenye rodi ya marehemu Bwana Shee

Wakuu, nawasalimu wote, mliotulia nyumbani na mnaosoma kwa kujificha kazini.

Kuna mdau aliuliza humu kama pete za titanium kwenye rodi zinahimili kweli maji ya chumvi, au ni maneno ya wauzaji. Nilimwandikia jibu la mistari miwili, nikalifuta. Nikaandika tena, nikafuta tena. Mwishowe nimeona nifungue uzi wangu. Haya yalinipata mwenyewe, sikusimuliwa.

Kwa wasiovua: rodi ni ile fimbo ndefu ya kuvulia samaki. Pete ni vile vikuku vidogo vilivyofungwa juu yake kuanzia karibu na mkono mpaka nchani, na mshipi unapita ndani yake. Pete ikishika kutu inakwaruza mshipi. Mshipi unakatika, samaki anaondoka na ndoana yako.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya tisini, baada ya maji ya El Niño kushuka na barabara kuanza kupitika. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, nina kibanda pale Garsen natengeneza redio, stovu, taa za karabai, miavuli, chochote kilichoharibika. Hakuna aliyenifundisha. Nilifungua vitu vibovu nikavitazama mpaka vikaeleweka.

Niwe mkweli, kazi ilikuwa safi lakini polepole sana, kwa sababu nina wasiwasi wa kuzaliwa nao. Nikifunga skrubu naifungua kuhakikisha niliifunga vizuri. Wateja walinipenda na kunilaani kwa wakati mmoja.

Siku moja akaja shangazi Zaituni, dada mkubwa wa baba, kutoka Kipini. Huyu alizaliwa Kulesa, hapa kwetu mtoni, kama sisi wote. Kisha akaolewa kule mto Tana unakoingia baharini na Bwana Shee, mtu wa Kipini hasa, baba na babu.

Bwana Shee alifanya kazi kwenye boti za watalii wavuvi Malindi kwa miaka mingi. Alipoacha kazi akapewa rodi nzuri. Akarudi nayo nyumbani na, badala ya kuringa nayo peke yake, akamfundisha mkewe kuitumia. Watu walicheka kumwona mwanamke na fimbo ufukweni, lakini jioni hao hao walikuja kuomba kitoweo.

Hawakujaliwa watoto. Bwana Shee alipofariki, shangazi aliendelea kuvua na rodi ile peke yake. Hakuwa na hata picha moja ya mumewe. Alikuwa na rodi.

Akaifungua kutoka ndani ya leso kwenye meza yangu. Pete zote zilikuwa zimeliwa na kutu, nyingine ukiigusa inabaki unga kidoleni. Haikuwa imepita hata mwaka tangu mazishi.

"Nitengenezee," akasema.

"Shangazi, kazi hii sijawahi kuifanya. Nikiipasua fimbo je?"

"Nitakuchapa mbele ya watu. Lakini nikimpa mwengine akaipasua, sitakuwa hata na wa kumchapa."

Ndiyo heshima kubwa niliyowahi kupewa. Tangu dakika ile sikulala vizuri.

Pete za kawaida za chuma zingepatikana Mombasa, lakini niliogopa zingeoza tena. Nikamtumia salamu binamu yangu aliyekuwa bado kwenye zile boti za Malindi. Akaniletea rodi iliyovunjika katikati, mgeni aliibana na mlango wa gari akaiacha. Ilikuwa na pete nyepesi sana, rangi ya kijivu kama majivu ya kuni, na ndani kila moja ina kijiduara cheusi kigumu.

"Mwenyewe alisema ni titanium," binamu akaniambia. "Madini ya ndege. Chumvi haiyali."

Mtu mwingine angeshukuru akaanza kazi. Mimi nikaanza kuwaza. Nani kasema haiyali? Mgeni. Mgeni aliambiwa na nani? Muuza duka.

Nikamwomba dereva wa pikapu aniletee jerikeni la maji ya bahari kutoka Kipini. Nikachukua chupa tatu za jamu. Ya kwanza nikatia msumari, ya pili pete ya stainless, kile chuma kinachosifiwa kuwa hakishiki kutu, niliyoitoa kwenye rodi nyingine, ya tatu pete moja ya kijivu. Nikazipanga dirishani.

Baadaye nikafikiri: rodi haikai majini, inalowa na kukauka. Basi kila asubuhi nikawa navitoa, naviacha vikauke juani na chumvi yake, jioni navirudisha. Hapo ndipo chumvi inapouma kweli. Wakuu, hili lishikeni, kifaa kilicholowa chumvi na kukaushwa kinaoza haraka kuliko kilichozama tu.

Jirani yangu fundi cherehani alikuwa akipita anainama dirishani. "Fundi, achari imeiva?"

"Bado."

"Ukimaliza niletee ya msumari, mimi napenda kali."

Msumari ulikuwa mwekundu katika siku chache. Stainless ilijikaza, kisha ikatoa madoa ya kahawia pale ilipochomelewa, hapo hapo kwenye kiungo. Ile ya kijivu haikubadilika. Niliipangusa, nikaikuna kwa ukucha, nikaitazama kwa lenzi ya kutengenezea saa. Ilikuwa kama siku niliyoitia.

Nikaamua labda inaoza ndani kwa ndani. Nikairudisha.

Shangazi akapita Garsen mara ya pili, akaziona zile chupa.

"Sasa wewe unangoja ioze ndiyo ufurahi?"

Ilikuwa kweli. Nilikuwa natafuta kasoro ili nisilazimike kuigusa rodi ya watu.

Basi nikaigusa. Nilikata nyuzi za zamani kwa wembe nikiwa nimezuia pumzi. Nikapima nafasi kati ya pete na pete kwa futi ya yule yule mshona nguo, nikazinoa pete mpya ile miguu yake ya kufungia ili zikae bapa, nikazifunga kwa nyuzi za nailoni, zamu kwa zamu, bila uzi kupanda juu ya mwenzake. Nikifika mwisho natazama kutoka upande wa mkono kama mtu anayelenga bunduki. Pete moja ikiwa imepinda hata upana wa unywele, nafungua zote. Nilifungua mara nyingi mno, naona haya kuzitaja. Juu nikapaka vanishi nyembamba.

Nikaipeleka Kipini mwenyewe. Sikumwamini mtu yeyote kuibeba.

Shangazi hakusifu. Aliipitishia kidole kutoka pete ya kwanza hadi ya mwisho, akasema, "Twende, maji yanajaa." Wavuvi wa ufukweni kule huvua maji yakijaa, samaki wanaposogea karibu.

Akarusha. Mshipi ulipita kwenye zile pete bila sauti. Nilikuwa nimesimama nyuma yake jasho likinitoka kama mimi ndiye ndoana. Akapata kolekole wawili wa ukubwa wa kiganja na kitu, na mmoja mkubwa aliyeikunja rodi mpaka nikafumba macho. Nilipofumbua samaki alikuwa mchangani na shangazi ananicheka.

Kisha akafanya jambo ambalo hakunieleza kamwe kwa kuwa kwake lilikuwa la kawaida kama kunawa mikono. Akatembea hadi upande wa mto, kwenye ngazi za kushukia, akaichovya rodi na kuiosha. Pete moja moja kati ya vidole viwili, taratibu, kama anamwosha mtoto masikio.

Sisi wa Kulesa na Garsen ndivyo tulivyolelewa. Jembe, sufuria, miguu, nyavu, kila kitu kinaishia mtoni kuoshwa. Mto ni maji matamu, hakuna anayefikiria mara mbili.

Akaiegemeza rodi ukutani juani. Nikawa naitazama, maana siwezi kuacha kutazama kazi yangu. Ilipokauka nikaona weupe mwembamba kwenye pete zote. Nikapitisha kidole, nikaweka ulimini.

Chumvi tupu.

Pale Kipini maji yakijaa bahari inaingia ndani ya mto. Unauona ni mto, una kingo, una matope ya Tana, lakini kwa saa hizo ni bahari. Na shangazi alikuwa akirudi kutoka kuvua saa hizo hizo, kila mara. Tangu mazishi alikuwa akiiosha rodi ya mumewe kwa maji yale yale yanayoiua, na kwa mapenzi yote.

Wakuu, nilikaa na jambo hili kifuani. Pete mpya zisingeoza, ningeweza kunyamaza. Lakini rili yake, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi, ilikuwa na skrubu za chuma, na kishikio cha rili pia. Nikinyamaza vitakufa. Nikisema, nitamwambia mjane kwamba ni mkono wake ulioiozesha.

"Shangazi," nikasema, "haya maji ya ngazini umewahi kuyaonja?"

"Ya mto niyaonje ya nini? Nimeyanywa tangu nizaliwe."

"Onja tu."

Alinitazama kama nimepungukiwa. Akashuka, akachota kwa kiganja, akaonja, akatema.

Akabaki amechuchumaa. Akatazama maji, akatazama rodi ukutani.

"Kila siku ni hivi?"

"Yakijaa."

Nikajuta kuzaliwa. Kisha akasema, kama anayezungumza na mtu mwingine, "Lakini wakati wake hazikushika kutu. Nilikuwa naziosha hapa hapa, na hazikushika kutu."

"Labda yeye..."

"Yeye ni mtu wa hapa. Alijua." Akasimama polepole. "Tukifika nyumbani alikuwa akiichukua, anazunguka nayo uani. Akirudi inachuruzika maji. Namwuliza, Bwana Shee, mbona waiosha tena na mimi nimeshaiosha? Ananijibu, naondoa jasho la mikono yangu."

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi na kujifuta macho kwa leso.

"Miaka yote hiyo," akasema. "Mwongo yule. Asiniambie hata mara moja."

Kwa mara ya kwanza maishani sikuwa na la kurekebisha.

Asubuhi yake akavua tena. Akarudi, akashuka ngazini, akaiosha rodi mtoni vile vile, pete moja moja. Nikafungua mdomo. Akanizuia kwa mkono, akaenda nayo nyumbani uani, akachota kata ya maji matamu ya kisima kutoka mtungini, akaimwagia kutoka juu mpaka chini.

"Mara mbili, shangazi?"

"Ile ya kwanza yangu. Hii ya Bwana Shee."

Sasa nimjibu mdau aliyeuliza. Shangazi bado yupo, na rodi ipo. Rili imebadilishwa, vanishi nimeipaka upya, nyuzi nimezifunga upya zaidi ya ilivyohitajika. Pete mbili zilipasuka kile kijiduara cheusi cha ndani kwa kuangushwa kwenye saruji, tena niliyeziangusha ni mimi. Lakini fremu za titanium hazina doa la kutu hata moja. Kwa upande huo sifa zake ni za kweli. Usisahau tu kwamba pete zimefungwa kwenye rodi yenye vitu vingine vinavyooza. Suuza kwa maji matamu, na kama unakaa karibu na mdomo wa mto, yaonje kwanza.

Funzo langu binafsi ni dogo zaidi. Mimi ni mtu wa kumwambia kila mtu alipokosea, papo hapo. Siku hizi mke wangu akifanya jambo kwa namna yake, mara nyingine nazunguka uani na kata yangu, kimya. Si mara zote naweza. Najitahidi.

Wenye uzoefu na pete za titanium baharini, au na watu wa aina ya Bwana Shee, karibuni muandike hapa chini. Mkiona nimekosea herufi mahali msiniambie, nimeshaisoma mara nyingi na naogopa kuifungua tena.