Konokono Walitangulia

Watu huingia hoteli ya Mzee Mustaf kula pilau ya mbuzi, lakini wakishaketi macho yao yote huenda upande mmoja: kwenye tangi la kioo lenye urefu wa kitanda, ambamo kipande cha bahari kimehamishwa kikaletwa Machakos bila kuulizwa. Mustaf mwenyewe ni mtu wa mbuzi. Mbuzi anamjua hata akiwa amefumba macho. Samaki aliwaona kwa shemeji yake Mombasa, akawataka, na pesa ikiwa mfukoni mtu haulizwi sababu.

Anayeitunza bahari hiyo ni Wavinya, Mama Mbinya kama wanavyomwita hotelini, mjane wa Kangundo ambaye hajawahi kufika pwani. Miaka tisa iliyopita alikuwa muosha sufuria. Mtaalamu aliyeleta tangi alikaa wiki mbili akiwafundisha wahudumu wawili, vijana watanashati waliomsikiliza huku wakipitisha vidole kwenye simu. Wavinya alisikiliza kutoka kwenye sinki, mikono ikiwa kwenye povu. Mtaalamu alipoondoka, vijana walikumbuka jina lake tu. Wavinya alikumbuka mengine yote: kwamba maji ya bomba hayafai, ni yale ya kununua yaliyochujwa, kwamba chumvi ni ile maalum ya pakiti na hupimwa, kwamba maji huguswa kwa mkono usio na sabuni wala mafuta. Mutuku, dalali wa mbuzi anayekula hapo kila siku na kulipa akikumbuka, humtania bila kuchoka.

"Mama Mbinya, hizo pakiti za chumvi ni za nini? Si mchote kisima cha Katangi? Huko maji yanatoka yakiwa na chumvi tayari, bado viazi tu."

"Wewe kunywa hayo ya Katangi," Wavinya humjibu, "tuone kama utaota mapezi."

Kipenzi chake hakuwa samaki, wala wale konokono saba na kamba wadogo wawili waliosafisha mawe. Alikuwa mnyama mmoja laini anayekaa juu ya jiwe kama ua, mwenye vidole mia vinavyopepea, ambamo samaki wawili wa rangi ya machungwa hulala. Wavinya alimwita Susu, yaani nyanya mwenye wajukuu kwa Kikamba, kwa sababu kila mtu humkimbilia na yeye haendi popote. Alimlisha kipande cha samaki kwa kijiti, kila Jumanne, miaka tisa.

Kisha chujio la zamani likaanza kukoroma. Wateja walilalamika, Mustaf akataka chujio kubwa, la kufichwa kabatini chini ya tangi, lisilosikika. Wavinya akamtaja Laban, ndugu wa marehemu mume wake, fundi wa mabomba ambaye kazi yake haijawahi kurudiwa. Laban alikuja Alhamisi na mkoba wa vyuma. Alipitisha mabomba, akafunga pampu, na kwenye kona akaweka koki ya shaba inayong'aa hadi unajiona meno.

"Shemeji, yule mtaalamu alitumia plastiki," Wavinya alisema.

"Ndiyo maana hayuko hapa." Laban aliipangusa koki kwa shati lake mwenyewe. "Plastiki ni ya watu wanaohama. Hii watairithi wajukuu."

Na hakuwa anajigamba bure. Machakos maji huja siku mbili kwa wiki, na yakija huja na hasira ya siku tano. Koki ya plastiki hupasuka, na fundi aliyeifunga hutajwa kwa jina hadi kwenye maombi ya jumuiya. Laban alikuwa amejenga heshima yake kwa shaba.

Jumamosi konokono watatu walikuwa wameanguka chini ya tangi, midomo wazi. Wavinya aliwatoa wanne waliobaki akawaweka kwenye beseni la maji mapya ya chumvi. Jumatatu kamba wote wawili walikufa. Jumanne Susu alikataa chakula. Alikuwa amejikunja, mdogo, kijivu, kama soksi iliyosahaulika kwenye mvua. Samaki nao? Samaki walikula kama wageni wa harusi.

Mustaf alisimama mbele ya kioo, funguo za gari mkononi. Alikuwa anaelekea Kithyoko kununua mbuzi.

"Mama Mbinya, ni nini hii?"

"Natafuta, Mzee."

"Mbuzi wakianza kufa, nauza waliobaki. Sikai nikiwaimbia." Alimtazama Susu kwa muda. "Narudi Ijumaa. Nikipata huyu amekufa, wallahi, hii kitu inatoka. Naweka friji ya soda hapa. Na wewe utarudi kwa sufuria."

Hakusema kwa ubaya, na hapo ndipo palipouma. Mtu akikutisha kwa kelele unaweza kungoja apoe.

Wavinya hakulia wala hakupiga simu. Alivuta kiti akaketi mbele ya tangi jinsi watu wanavyoketi na mgonjwa. Joto alipima, liko sawa. Chumvi alipima, iko sawa. Chakula ni kile kile. Labda maji? Lakini wale konokono wanne kwenye beseni walikuwa kwenye maji hayo hayo na chumvi hiyo hiyo, na walikuwa wakipanda ukuta wa beseni kama wapangaji waliopata nyumba nzuri. Basi ubaya haukuwa kwenye maji yanayoingia. Yalikuwa yakiupata humo ndani.

Jambo moja lilimsumbua zaidi. Ni sumu gani inayochagua? Inaua konokono kwanza, kisha kamba, inamgusa Susu, na samaki inawapita kama haiwajui?

Alifungua kabati, akainama na tochi ya simu. Kwenye shingo ya koki ya Laban, pale palipokuwa paking'aa Alhamisi, palikuwa na ukoko wa kijani. Wavinya akakaa chini sakafuni. Kijani hicho alikuwa anakijua. Kilikuwa kwenye mdomo wa pampu ya baba yake, kule Kangundo, pampu ya kupulizia kahawa dawa ya kopa. Siku mbili baada ya kupuliza, chini ya mikahawa palijaa makombe matupu ya konokono, na kuku wakitembea katikati yao wazima kabisa. Bwana shamba aliwahi kumwambia baba: hiyo kopa, mzee, ni shaba.

"Aiya," alisema peke yake.

Lakini hakuenda kumlaumu mtu kwa sababu ya kumbukumbu. Laban alikuwa amebakisha koki nyingine kama hiyo kabatini. Jumatano asubuhi Wavinya alichukua mabeseni mawili, akayajaza maji mapya ya chumvi, akaweka konokono wawili wawili. Beseni moja akalitumbukizia ile koki. Kisha akaenda kumenya vitunguu, kwa sababu hoteli haisimami.

Saa tisa alasiri, konokono wa beseni lisilo na koki walikuwa ukutani. Wa koki walikuwa chini, mmoja chali. Aliwahamisha upesi kwenye maji safi, na ndipo akampigia Laban.

Laban alikuja, akatazama mabeseni, akaichukua ile koki akaigeuzageuza. Wavinya alimvutia kiti. Alimwekea chai.

"Miaka kumi na nane nafunga hizi," Laban alisema mwishowe. "Hakuna mtu amekufa."

"Hujawahi kumfungia konokono, shemeji."

Aliifungua koki ya tangi mwenyewe, polepole, kama mtu anayevua pete. Akarudi na ya plastiki, akaifunga huku akiangalia mlangoni asionekane. Wavinya alimwinua Susu pamoja na jiwe lake, akamweka kwenye karai jipya la maji safi, akamwekea kimashine cha hewa. Siku mbili zilizofuata alitoa maji ya tangi na kutia mapya kidogo kidogo, akaongeza kwenye chujio ule mkaa maalum unaonasa sumu. Laban aliuliza kama ule wa jikoni haufai. Alitazamwa hadi akaenda kubeba mitungi.

Ijumaa Mustaf aliingia akinuka mbuzi, akakuta karai la kufulia juu ya kaunta. Ndani yake Susu alikuwa amefunguka nusu. Vidole vilikuwa vimetoka, vinatafutatafuta.

"Ilikuwa nini?"

Laban, aliyekuwa na mtungi begani, alisimama kama nguzo.

"Kifaa kimoja hakikupatana na chumvi," Wavinya alisema. "Tumekitoa."

Mustaf alichungulia kabatini. "Mbona koki ni ya plastiki? Hamna heshima?"

"Ndiyo ya kisasa, Mzee," Laban akajibu, macho yakiwa kwenye mtungi.

Wavinya alimpa Mustaf kijiti chenye kipande cha samaki. Mtu wa mbuzi aliinama, akakishusha majini. Susu alikigusa. Akakiacha. Akakigusa tena, akakishika, akaanza kukivuta ndani. Mustaf hakusema kitu juu ya friji siku hiyo, wala hajasema tangu hapo.

Koki ya shaba haikutupwa. Laban aliifunga kwenye sinki la jikoni, pale Wavinya alipokuwa akiosha sufuria zamani, na haijawahi kuvuja hata tone.