Alama za Msichana wa Cheptais

Nilikuwa sokoni Kitale nikichagua viazi nilipopigiwa simu kwamba yule mhadhiri wa hisabati, aliyekuwa mwenyekiti wetu, amefariki nyumbani kwake nje ya mji wa Bungoma. Wasomaji wa siku nyingi wanakumbuka kwamba niliwahi kuwa mjumbe wa kamati ya ufadhili aliyoiongoza katika chuo kimoja cha upande huo. Tulichagua vijana wa kusomeshwa bure kwa kupima gredi za kidato cha nne na alama za mtihani uliotungwa na chuo chenyewe.

Mwaka mmoja ilibaki nafasi moja na vijana wawili. Msichana wa Cheptais alikuwa na gredi safi, lakini mtihani wa chuo ulimwangusha. Mvulana wa Kiminini, aliyesomea Kitale, alikuwa na gredi ya wastani, ila mtihani wetu aliupasua. "Ule wa taifa watu hukariri tu, bana," alisema mjumbe mmoja, mama mwenye duka la vitambaa karibu na msikiti. "Si huu wetu ndio unaonyesha akili?" Mwenyekiti akamtazama kwa hamu, kana kwamba ameulizwa jambo zuri sana. "Basi tuufanye sisi wenyewe," akasema, akatugawia karatasi. Tulianza kwa kicheko, tukamaliza tukifuta majibu. Mimi nilikwama kwenye swali la lifti, lililotaka muda wa kupanda kutoka ghorofa ya chini hadi ya juu.

Msichana alipoitwa mbele ya kamati, mwenyekiti alimwuliza kuhusu swali hilo hilo. "Mwalimu, sijawahi kupanda lifti," alijibu. "Nilidhani inasimama kila ghorofa, nikahesabu hivyo." Mwenyekiti akafuata hesabu yake hatua kwa hatua, akaona kwamba kwa lifti ya namna hiyo jibu lilikuwa sahihi. Tukadhani mambo yamekwisha, lakini yeye akataka kumsikia mvulana pia. Akamwuliza kwa nini gredi yake ilikuwa ya wastani. "Baba alilazwa, nikawa namshughulikia hospitalini muhula wote wa mwisho." Sasa tulijua mengi zaidi, na kuchagua kukawa kugumu zaidi.

Tulipiga kura, msichana akapata. Mwenyekiti alikwenda Kiminini mwenyewe kumweleza mvulana, nami nikamsindikiza. "Kwa hivyo nilifanya vizuri na bado nimekosa?" kijana aliuliza. "Ndiyo," akajibiwa, "na sijui kama tumekosea." Njiani nilimwambia jibu lile lilikuwa kali. Akasema kumdanganya kungekuwa kukali zaidi. Mwaka uliofuata kila mwombaji alitakiwa kueleza kwa mdomo jibu moja alilokosea, na vikao vyetu vikawa virefu mno.

Wapo wanaosema alituchelewesha bure. Mimi naona alituachia desturi ngumu lakini ya haki: ukipewa alama ya mtoto wa mtu, usiifanye hukumu kabla hujamwuliza mwenyewe ameifikiaje.